Habari Haiipiti Nuru

Usiku mmoja wa Novemba 1871, msafara wa Henry Morton Stanley ulitoroka kijijini huko Buha, kusini mwa ilipo Kasulu leo, ukinyata kama genge la wezi. Sababu ilikuwa hongo, yaani ushuru wa kupita njia. Mjumbe wa mfalme, ambaye kitabu cha Stanley kinamwita Mionvu, alikuwa amedai doti 100 za nguo, wakavutana mpaka doti 75. Mbele kidogo akatokea ndugu wa mfalme naye akataka chake, na Stanley akaambiwa kwamba njia ya kwenda Ujiji ina wakubwa wengine wanaomngoja. Hesabu haikuhitaji mwalimu: angefika ziwani mikono mitupu. Akamlipa mtu awapitishe porini gizani. Njiani mke wa askari wake mmoja alianza kupiga mayowe, wakamziba mdomo. Waha wenyewe, ukiwauliza, wangesema aliyevunja sheria ya njia ni mgeni, nami nadhani wangekuwa na haki.

Alifika Ujiji. Lini? Kitabu chake kinasema Novemba 10, 1871. Shajara ya David Livingstone, mzee aliyekuwa akitafutwa, inaliweka tukio hilohilo katika siku za mwisho za Oktoba. Watu wawili wamesimama uso kwa uso, wamevua kofia, wamepeana mikono mbele ya umati, na kila mmoja ana tarehe yake. Livingstone alikuwa amezunguka Manyema miaka, akiugua, na hesabu ya siku ilikuwa imemponyoka. Wanahistoria wanaendelea kubishana juu ya tarehe. Hakuna anayebisha kwamba wale wawili walikutana.

Baada ya salamu mzee alitaka habari za dunia, na Stanley akazimwaga barazani: mfereji wa Suez umefunguliwa, Grant amechaguliwa rais wa Marekani, Malkia Isabella wa Hispania amefukuzwa kitini, Wajerumani wameizingira Paris. Habari nyingine zilikuwa za miaka mitatu. Hata hiyo ya Paris ilikuwa imechacha, maana Stanley aliondoka Bagamoyo Machi ya mwaka ule na Paris ilikuwa imesalimu amri tangu Januari. Kwa hiyo barazani Ujiji Paris ilikuwa bado imezingirwa, na Paris kwenyewe kuzingirwa kumekwisha zamani.

Miaka miwili baadaye mambo yaligeuka. Livingstone alifariki Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo. Wahudumu wake Susi, Chuma na wenzao wakaukausha mwili na kuubeba kwenda pwani. Oktoba ndipo Verney Lovett Cameron, aliyekuwa Tabora akijiandaa kumsaidia, alipopata barua. Kwa miezi mitano Cameron alikuwa akimpangia safari marehemu.

Nimeanza na visa hivi ili nivitenge mapema na jambo ninalotaka kulisimulia, kwa sababu wengi wanaoeleza fizikia ya Einstein huvichanganya. Kuchelewa kwa habari si uhusianifu, ndilo jina la nadharia yake. Cameron hakuishi katika wakati mwingine; alikuwa hajaambiwa tu. Barua ilipofika alihesabu miezi nyuma, akakubaliana na Susi na Chuma kwamba mzee alifariki Mei. Tarehe mbili za Ujiji nazo ni kasoro ya kalenda, si siri ya maumbile. Einstein aliuliza swali gumu zaidi: tukishasahihisha kalenda zote, tukishatoa muda wa barua kusafiri, je, watu wote watakubaliana kipi kilitangulia kipi? Jibu lake lilikuwa hapana. Wakati mwingine hawatakubaliana, na hakuna atakayekuwa amekosea.

Swali hilo lilizaliwa katika zama za nyaya na reli. Mwaka 1879 waya wa chini ya bahari uliunganisha Zanzibar na Aden, na kupitia Aden, London. Mwanzoni mwa karne ya 20 waya wa simu aliouota Cecil Rhodes, wa kutoka Cape mpaka Cairo, ulipanda kutoka kusini ukapita kando ya Ziwa Tanganyika hadi Ujiji, ukakomea hapo. Mahali ambapo Stanley alileta habari za miezi minane kwa miguu palianza kupata habari za dakika. Nyaya zikaleta tatizo ambalo mpagazi hakuwahi kuwa nalo, yaani saa za miji miwili zilinganishweje. Mtu akibeba saa kutoka Dar es Salaam hadi Tabora, itapotea njiani kidogo. Ukipeleka ishara kwa waya, ni lazima ujue ishara ilitumia muda gani.

Mwaka 1905 ujenzi wa reli ya kati ulianza Dar es Salaam, na Julai Wamatumbi waling'oa pamba na Vita vya Maji Maji vikawaka. Mwaka huohuo karani wa ofisi ya hataza mjini Bern, Uswisi, kijana wa miaka 26 aitwaye Albert Einstein, alichapisha makala kuhusu saa na ishara. Alianza na mambo mawili. Kwanza, kanuni za maumbile ni zilezile kwa kila anayekwenda kwa mwendo mmoja usiobadilika, awe amesimama stesheni au yumo ndani ya treni. Pili, kasi ya nuru katika uwazi mtupu ni ileile kwa wote, takriban kilomita 300,000 kwa sekunde, hata kama taa au mtazamaji anakimbia. Kisha akaeleza namna ya kulinganisha saa mbili zilizo mbalimbali: peleka nuru, irudi, gawa muda kwa mbili. Ni jambo rahisi, lakini likifanywa na mtu wa stesheni na kisha na mtu wa treni, wanapata majibu yanayotofautiana kuhusu matukio yapi yalitokea kwa wakati mmoja.

Tulilete Buha. Kasulu ni nchi ya zamani ya Heru, Kibondo ni nchi ya Muhambwe, kila moja na mwami wake na ngoma zake. Kwa mstari ulionyooka, bila kufuata kona za barabara, miji hii imetengana kama kilomita 130. Nuru huvuka umbali huo kwa muda usiofika nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Tuseme ngoma moja inapigwa Heru na nyingine Muhambwe, na mtu aliyesimama barabarani katikati, akiwa na saa sahihi kabisa, anathibitisha kwamba zilipigwa pamoja. Sasa basi linatoka Kasulu kwenda Kibondo kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa. Abiria aliyemo, akitoa kwa uaminifu muda wote wa ishara kusafiri, atakuta ngoma ya Kibondo ilitangulia kwa kama sehemu 24 za trilioni ya sekunde. Anayerudi kutoka Kibondo atasema iliyotangulia ni ya Kasulu. Ni tofauti ndogo mno, ndiyo maana wazee wetu waliendesha falme, minada na misafara bila kuijua. Lakini ipo.

Hapo ndipo watu wengi hukata tamaa na kusema basi, kila kitu ni kwa jinsi unavyoona. Jina lenyewe, uhusianifu, limechangia upotovu huo. Mtu aliyezuia habari isiishie hapo ni Hermann Minkowski, mwanahisabati aliyewahi kumfundisha Einstein mjini Zürich. Septemba 21, 1908, mjini Köln, alitoa mhadhara kuhusu nafasi na wakati. Alisema tuache kuvihesabu mbalimbali. Tukio lina mahali na lina wakati, na kati ya tukio na tukio kuna utengano mmoja unaochanganya vyote viwili. Utengano huo hauna mgogoro: wa basini, wa stesheni na wa mwezini wanapata namba moja. Minkowski hakupata muda wa kuendelea. Januari 1909 alifariki kwa kidole tumbo, akiwa na miaka 44.

Hesabu yake inafanana na ile ya pembetatu mraba tuliyofundishwa shuleni, ila pana alama moja iliyobadilika, na alama hiyo ndiyo siri yote. Chukua umbali, uuzidishe kwa wenyewe. Chukua muda, uugeuze kuwa kilomita kwa kuuzidisha na kasi ya nuru, kisha nao uuzidishe kwa wenyewe. Usijumlishe, toa.

Turudi kwenye ngoma zetu. Kwa aliyesimama, umbali ni kilomita 130 na muda ni sifuri. Mraba wa 130 ni 16,900, toa sifuri, inabaki 16,900. Sasa badala ya basi tuweke chombo kinachokwenda kwa sehemu 6 kati ya 10 za kasi ya nuru. Aliyemo atapima kwamba matukio yale mawili yametengana kilomita 162.5, na kwamba moja lilitangulia jingine kwa muda ambao nuru ingekwenda kilomita 97.5. Umbali ni tofauti, muda ni tofauti. Fanya hesabu: 26,406.25 toa 9,506.25. Inabaki 16,900.

Kama sehemu ya umbali ndiyo kubwa, kama katika ngoma zetu, hakuna ishara inayoweza kutoka tukio moja ikawahi jingine. Hapo kutangulia na kufuata havina maana ya kudumu, na maumbile hayapati hasara, kwa sababu tukio moja haliwezi kuwa sababu ya jingine. Kama sehemu ya muda ndiyo kubwa, basi nuru, na pengine hata mtu wa miguu, angeweza kutoka la kwanza akalifikia la pili, na hapo watazamaji wote duniani na nje ya dunia watakubaliana kipi kilitangulia. Mtoto hatazaliwa kabla ya mama yake kwa mtazamaji yeyote. Na kama sehemu mbili ziko sawa, utengano ni sifuri: matukio hayo yameunganishwa na nuru yenyewe.

Reli ilifika Kigoma Februari 1914, na miezi sita baadaye Vita vya Kwanza vya Dunia vikaanza. Wabelgiji waliingia Kigoma katikati ya 1916, na Buha ikawa chini yao kwa miaka iliyofuata. Vita hivyo vilikwisha kwa namna ambayo ingemfurahisha mwalimu wa somo letu. Saa 5 asubuhi, Novemba 11, 1918, mizinga ilinyamaza Ufaransa. Tarehe 12 risasi bado zinalia karibu na Kasama, kusini mwa Ziwa Tanganyika, ambako Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, na askari wake walikuwa wangali wanapigana. Tarehe 13 ndipo barua iliyobebwa na mwendesha pikipiki wa Kiingereza ilipoangukia mikononi mwa Wajerumani. Walisalimu amri Abercorn, Mbala ya leo, Novemba 25.

Yaliyotokea tarehe 12 yalikuwa baada ya amani kwa kila saa uwezayo kuifikiria. Nuru ingetoka Paris hadi Kasama kwa sehemu ndogo ya sekunde, na ilikuwa na siku nzima. Wapagazi na askari waliokufa siku ile hawawezi kusingiziwa Einstein. Walikufa kwa sababu habari ya amani ilikuwa haijafika porini. Maumbile yaliruhusu waokolewe. Mipango ya watu haikuruhusu.

Miezi sita baada ya kusalimu amri kivuli cha mwezi kikapita. Tangu 1917, vita vikiwa bado vinaendelea, Frank Dyson, mnajimu mkuu wa Uingereza, alikuwa ameandika kwamba kupatwa kwa jua kwa Mei 29, 1919 kungefaa kuliko kote kujaribu nadharia mpya ya Einstein, ile ya mvutano. Njia ya kivuli aliitaja: kaskazini mwa Brazili, kuvuka Atlantiki, kisiwa cha Príncipe, halafu kukata Afrika hadi mwambao wa magharibi wa Ziwa Tanganyika. Ziwa letu limo katika karatasi hiyo. Wanajimu hawakuja kwetu. Walikwenda Sobral, Brazili, ambako jua lingekuwa juu vizuri asubuhi, na Príncipe, alikokwenda Arthur Eddington. Huku kwetu kivuli kilifika alasiri, jua limeshainama, na nchi imetoka vitani. Buha ilikuwa kando ya njia hiyo, na sehemu kubwa ya jua ilifunikwa machoni pa watu waliokuwa wakirudisha ng'ombe.

Nimeipenda siku ile kwa sababu ndani yake mna aina zote za utengano. Giza kamili lilianza Sobral kama saa 6 kasoro dakika mbili mchana kwa saa za Greenwich. Príncipe lilianza saa 8 na dakika 13. Kati yao kuna kilomita 5,300 hivi za maji na nchi, ambazo nuru huzivuka kwa kama sehemu 2 za mia za sekunde, nao muda uliopita ni zaidi ya saa mbili. Sobral ilitangulia, kwa yeyote, popote. Lakini uso wa jua wenyewe? Nuru yake hutumia zaidi ya dakika 8 kutufikia. Lolote lililotokea juani katika dakika hizo 8 za mwisho, halikuwa na uwezo wa kugusa chochote Kasulu kwa muda ule, wala la Kasulu halikuweza kuligusa. Ukiuliza kama lilitokea kabla au baada ya mchungaji kuinua uso, jibu linategemea anayeuliza anakwenda kwa mwendo gani.

Na nyuma ya jua zilikuwapo nyota. Eddington alizitaka nyota za kundi la Hyades, katika burji ya Ng'ombe, jirani wa Kilimia ambacho wakulima wa pwani wamekitumia tangu zamani kujua majira. Hyades iko mbali kiasi kwamba nuru yake hutumia takriban miaka 150 kufika hapa. Nuru iliyoingia katika vioo vya picha Sobral na Príncipe ilianza safari katika miaka ya 1760. Kwa sisi tulio duniani ni karne moja na nusu, ni vizazi vitano. Kwa hesabu ya Minkowski, kati ya nuru kutoka nyotani na nuru kugusa kioo, utengano ni sifuri. Kweli, karibu na jua hesabu hiyo inahitaji marekebisho, kwa sababu jua hupinda njia ya nuru, na kupinda huko ndiko walikokwenda kupima. Einstein alitabiri sekunde 1.75 za digrii. Sobral ilitoa 1.98, na Príncipe, pamoja na mawingu yake, 1.61. Matokeo yalitangazwa London Novemba 6, 1919. Wabelgiji walikuwa bado Kigoma. Waliikabidhi Buha kwa Waingereza 1921.

Redio ilipoenea, habari za kila siku zilianza kusafiri kwa kasi ya nuru yenyewe. Oktoba 21, 1993, Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa Bujumbura. Redio zilisema, na nyuma ya redio wakaja watu, kwa miguu, wakavuka mpaka kuingia Kibondo na Kasulu kwa maelfu. Kutoka Bujumbura hadi Kasulu nuru hutumia chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Mama mwenye mtoto mgongoni alitumia siku nyingi. Baadaye ikaanzishwa Radio Kwizera huko Ngara, ikawasaidia wakimbizi kutafutana. Mtu alitajwa jina lake hewani, na ndugu yake kambini akasikia. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo waliovuka ziwa. Ukitaka kujua mipaka ya maumbile na mipaka ya binadamu inavyotofautiana, hakuna darasa zaidi ya barabara ile ya mpakani.

Leo kijana wa bodaboda Kasulu anatazama ramani kwenye simu yake. Setilaiti zinazompa mahali alipo hubeba saa ambazo, kwa sababu ya mwendo wake, hupoteza kama sehemu 7 za milioni ya sekunde kila siku zikilinganishwa na za ardhini, na kwa sababu ya kuwa juu, mbali na uzito wa dunia, huongeza kama 45. Waliozitengeneza hurekebisha hizo 38 zinazobaki. Wasingezirekebisha, ramani ingemtupa nje ya barabara kwa kilomita kadhaa kabla siku haijaisha.

Kama uko Buha mwezi Desemba, toka nje usiku mapema, mawingu yakikuruhusu. Kitafute Kilimia, kisha tazama karibu yake nyota zilizojipanga kama herufi V. Ile nyekundu inayong'aa kuliko zote, Aldebaran, iachie, si ya kundi hilo. Iko karibu zaidi. Hizo nyingine ndizo Hyades. Nuru yao inayokuingia machoni miaka hii iliondoka huko mwanzoni mwa miaka ya 1870, karibu na usiku ule msafara wa Stanley ulipokuwa ukinyata porini kukwepa hongo ya Waha.